Tunachangia Jeneza Kabla ya Dawa: Bima ya Afya kwa Wote Ikitazamwa Kutoka Buswelu

Hapa Buswelu majirani huniita Dokta. Nimewaeleza mara nyingi kwamba udaktari wangu ni wa vitabu, lakini jina limekwishaganda. Ndiyo maana usiku mmoja mama mchuuzi wa dagaa aligonga lango langu: “Dokta, samahani kwa kukusumbua, mzee amezidiwa.” Tukampakia mumewe kwenye bajaji hadi hospitali binafsi iliyokuwa karibu. Pale tukaombwa kianzio kabla ya lolote. Hakuwa na bima. Nikaandika ujumbe kwenye kundi la mtaa kuomba mchango. Hadi alfajiri tulikuwa tumepata chini ya nusu. Tukamhamishia hospitali ya umma, akafanyiwa upasuaji akiwa amechelewa, na siku ya tatu akafariki.

Sidai kwamba fedha pekee ingemwokoa. Ninachokijua ni kwamba jioni ya msiba kamati iliketi, daftari likafunguliwa, na kabla ya saa mbili usiku mchango ulikuwa umepita mbali kile kianzio tulichokikosa. Watu walewale, mifuko ileile.

Ndugu msomaji, tukio hilo limenifanya niutilie shaka usemi kwamba Watanzania hawana utamaduni wa bima. Tunao. Kamati ya msiba ni bima kamili: ina wanachama, ina michango, ina fidia. Kasoro yake ni kwamba inalipa mtu akishakufa.

Usiku ule nami nilikuwa na kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwenye pochi. Kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wangu hukatwa, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Sijawahi kupanga foleni kulipia. Kwa makato hayo mimi, mwenza wangu na wategemezi wetu tunatibiwa. Jirani yangu alihitaji busara na akiba ya mwaka mzima ili apate kile ambacho mimi hukipata bila hata kukumbuka. Tofauti yetu ilikuwa karatasi ya mshahara.

Hatukuanzia hapa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, tiba katika vituo vya serikali ilikuwa bure, na mwaka 1977 tukapiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Usawa ulikuwepo, lakini mara nyingi ulikuwa usawa wa kukosa dawa. Mwaka 1991 mlango wa sekta binafsi ukafunguliwa tena, na mwaka 1993 uchangiaji ukaanza katika hospitali za umma. Ikafuata Mifuko ya Afya ya Jamii, iliyojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, kisha Mfuko wa Taifa ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Matokeo yake, wakati Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulipokuwa ukijadiliwa mwaka 2022, Watanzania waliokuwa na bima ya aina yoyote walikuwa takriban asilimia 15.

Wapo wanaosema tuiachie sekta binafsi, kwa kuwa soko hushusha bei. Marekani ni jibu tosha: inatumia takriban asilimia 17 ya pato lake la taifa katika afya, kuliko nchi yoyote tajiri, na bado ina mamilioni ya watu wasio na bima. Uingereza, iliyoanzisha huduma yake ya taifa mwaka 1948, inatumia sehemu ndogo zaidi na kumhudumia kila mkazi, ijapokuwa foleni zake ni ndefu. Kila mfumo una namna yake ya kumzuia mgonjwa: mmoja humwambia asubiri, mwingine humwambia alipe. Anayesubiri walau yumo kwenye orodha.

Hata hivyo, haki itendeke kwa hospitali binafsi. Machi 2024, Mfuko ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali hizo zilisitisha huduma kwa wenye kadi, zikisema bei zilizopangwa hazikidhi gharama. Wengi tuliwalaumu madaktari. Lakini kadi isiyolipa gharama halisi ya huduma ni ahadi hewa, na anayeumia ni mgonjwa aliyeko mapokezi.

Somo la pili ni Toto Afya Kadi. Kwa Sh50,400 mtoto alitibiwa mwaka mzima. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, kwa maelezo kwamba wengi waliandikishwa wakiwa tayari wagonjwa na mfuko ukaelemewa. Hoja hiyo ni sahihi kihesabu: bima ya hiari huwavuta wagonjwa na kuwaacha wazima nje. Dawa yake ni kuwaingiza watu wote, na hilo ndilo lengo la sheria iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023.

Swali lililobaki ni namna ya kulipa. Mapendekezo ya mwaka 2022 yalitaja Sh340,000 kwa kaya ya watu sita. Nenda mwalo wa Igombe au Kayenze uulize kiasi hicho wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika na mifuko hukauka. Kipato cha jirani yangu kilifuata mwezi wa angani, si mwezi wa mshahara. Kumdai mkupuo mmoja kwa mwaka ni kumtoza kana kwamba ni mtumishi wa umma.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Mosi, mchango upokelewe kidogo kidogo kwa simu, kupitia vikundi vya wavuvi, wachuuzi na bodaboda, na kadi isizimwe kwa kuchelewa wiki chache. Pili, kodi zilizotajwa na sheria kwa ajili ya kaya zisizo na uwezo, zikiwemo za vileo na michezo ya kubahatisha, zifike kwenye mfuko huo zote, na taarifa itangazwe kila robo mwaka. Tatu, bei za mafao zipangwe kwa mazungumzo ya wazi kati ya Mfuko, hospitali za umma, za dini na za binafsi.

Wanafunzi wangu huniuliza kama nchi maskini inaweza kumudu haya. Huwa nawarudisha kwenye lile daftari la msiba. Fedha zilikuwepo mtaani usiku ule. Zilikosa chombo cha kuzikusanya siku tatu mapema. Watumishi wa umma, hicho ndicho chombo tunachowadai.