Gunia Desemba, Gorogoro Juni

Kuna ujumbe ambao wengi wetu hupata kila mwaka kuanzia Mei: "Nitumie ya unga." Unatoka nyumbani, kwa mzazi au shangazi ambaye Desemba alikuwa ameanika mahindi hadi mlangoni. Tunatuma, tunaguna kidogo, kisha tunajiuliza: kwani mavuno yalienda wapi?

Jibu la haraka huwa ni mvua. Na ni kweli, kule kaskazini na mashariki mwa nchi ambako misimu mitano mfululizo ilifeli kuanzia mwisho wa 2020, hakuna ushauri wa pesa ungejaza ghala. Lakini njoo Bungoma au Trans Nzoia. Huko mvua hunyesha, na bado mkulima hununua unga dukani kabla ya mavuno mengine. Shida kubwa huko, kwa maoni yetu, ni kalenda.

Mavuno makuu huwa kati ya Oktoba na Desemba. Januari shule zinafunguliwa: karo, sare, vitabu. Kila mtu anauza wakati mmoja, bei inaanguka, na dalali anajua huna pa kukimbilia. Tuchukulie umemuuzia magunia matano kwa 3,000 kila moja. Umepata 15,000. Juni unarudi sokoni, gorogoro ya kilo mbili ni 120. Gunia la kilo 90 lina gorogoro 45, kwa hivyo gunia lile lile sasa linakugharimu 5,400. Pesa ulizopata kwa magunia matano hazinunui hata matatu.

Hapa tujiseme na sisi watu wa pesa za simu. Mikopo mingi ya simu hulipwa ndani ya siku 30. Mahindi ya huko juu hukaa shambani miezi sita au zaidi. Ukikopa ya mbolea Machi, Aprili utalipa na nini? Mkopo kama huo unamfaa mama mboga anayeuza kila siku. Kwa mkulima wa mahindi, mara nyingi unageuka kuwa sababu nyingine ya kuuza mapema. Utafiti uliofanywa Bungoma na kuchapishwa 2019 ulionyesha kwamba wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno, wenye muda wa kutosha wa kulipa, waliweka mahindi zaidi na kuuza baadaye bei ikiwa imepanda. Watu ni wale wale. Tofauti ilikuwa ule mkopo wa wakati wa mavuno.

Kuweka pia kuna kazi yake, tusidanganyane. Mahindi yasipokauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 huota kuvu, na sumu yake, aflatoksini, iliua zaidi ya watu 120 nchini, wengi wao Ukambani, mwaka 2004. Kausha vizuri kwanza, ndipo utie kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Osama na fukusi hawangoji bei ipande. Kuna pia sheria ya 2019 inayomruhusu mkulima kuweka nafaka kwenye ghala lililoidhinishwa na kutumia stakabadhi yake kama dhamana ya mkopo, ingawa mwenye magunia manne hulemewa na nauli kabla hajafika huko.

Basi wewe uliye Nairobi au Mombasa, rudi kwenye ile hesabu. 15,000 ukizituma Desemba, zikalipa karo, zinaokoa magunia matano yasiuzwe. Ukizituma Juni, zinanunua mawili na robo tatu hivi. Ada ya kutuma ni ile ile.

Piga simu nyumbani Oktoba, kabla dalali hajafika. Uliza mambo mawili: nyumba inakula magunia mangapi hadi mavuno yajayo, na karo ya Januari ni ngapi. Kisha anza kutenga hiyo karo kwenye akiba iliyofungwa, hata 500 kwa wiki. Na ukiona mkopo kwenye simu, angalia tarehe ya kulipa kabla ya kuangalia kiasi.