MACHO YAKIFANYA KAZI YA MIKONO



Mfanya kazi akianguka kutoka juu ya jengo, akavunjika shingo asiweze tena kusogeza mikono, jambo la kwanza linalosemwa ni kwamba kazi yake imekwisha. Hesabu hufanywa, fidia hulipwa, naye hurudishwa kwao kulala. Sisi twasema hesabu hiyo ina upungufu, na twataka kila katibu wa tawi ausome ukurasa huu kabla hajaketi na mwajiri.

Siku hizi kuna vyombo vya kuendesha kompyuta kwa macho tu. Chombo chenyewe ni kidogo, huwekwa chini ya kioo cha kompyuta. Hutoa mwangaza usioonekana, na kamera yake huangalia jinsi mwangaza huo unavyong'aa juu ya jicho na mahali mboni ilipo. Kwa hayo mawili hujua mtu anatazama wapi. Kwanza mtu hufuata kwa macho vitone vichache vinavyotokea kwenye kioo, ili mashine ilizoee jicho lake. Baada ya hapo akiikazia herufi macho kwa kitambo, herufi imeandikwa. Ni kazi ya polepole, macho huchoka, na jua kali la dirishani huivuruga. Lakini barua huandikwa, na hesabu za stoo huwekwa.

Wengine watasema haya ni mambo ya matajiri. Mwaka 2009, huko Los Angeles, mchoraji wa kutani Tony Quan, aliyelazwa na ugonjwa wa neva hata asiweze kuinua mkono, alichora tena kwa macho yake. Wenzake walimtengenezea chombo kwa kamera ya michezo ya video iliyofungwa kwenye miwani ya bei rahisi, na programu yake wakaitoa bure. Mwaka 2017 Microsoft iliingiza njia hii ya macho katika Windows 10, na mwaka 2024 Apple ikaiingiza katika simu zake, bila chombo cha kuongeza.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya majeraha ya kazini ya 2007 yasema mwenye ulemavu kamili wa kudumu alipwe mapato ya miezi 96. Hilo makatibu wetu walijua kwa moyo. Linalosahauliwa ni kifungu cha 47: mwajiri hulipa pia gharama za matibabu, viungo bandia, magongo, na vyombo vingine vinavyotumiwa na watu wenye ulemavu. Je, chombo cha macho si chombo? Mwajiri akibisha, na abishe kwa maandishi. Hata Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vizuizi.

Neno moja kando. Kamera inayojua mtu anatazama wapi yaweza pia kumwambia msimamizi kwamba karani ametazama dirishani. Chombo tunachokidai ni cha mwanachama, si cha msimamizi. Hayo tutayaandikia siku nyingine.

Makatibu wa matawi walete ofisini, kabla ya mkutano ujao, majina ya wanachama wote walioumia mikono au uti wa mgongo. Madai hutakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, kwa hiyo wa zamani zaidi waletwe kwanza.