Mashine ya Babu na Watu wa Kabati

Nasema wazi tangu mwanzo, na atakayenuna anune mapema: mkusanyaji wa mashine za kunyolea ambaye hanyoi nazo si mkusanyaji, ni mlinzi wa ghala. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Kwa hiyo nikirusha jiwe leo, wa kwanza kupigwa kisogoni ni mimi mwenyewe.

Hebu tuelewane kwanza. Sizungumzii mashine ya umeme inayounguruma saluni, wala vile vijiti vya plastiki unavyonyolea mara mbili ukatupa. Nazungumzia mashine ya wembe. Ya chuma, mpini mfupi, kichwa unakifungua na ndani unalaza wembe wenye makali pande mbili, ule ule wa dukani kwa Mangi unaofungwa kwenye kikaratasi. Wembe wenyewe kila nyumba inaujua. Mama anakatia uzi, fundi cherehani anafumulia mshono, mtoto wa shule anachongea penseli. Lakini mashine yake, vijana wengi hatujawahi kuishika. Ilikuwa ya wazee. Walipoondoka, iliondoka nao, au ilibaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Sasa wapo watu wanaozitafuta. Ulaya na Marekani ni wengi sana. Hapa Dar tuko kikundi kidogo: tunachakura kwa wauza vyuma chakavu, tunasumbua ndugu walioko Uingereza, tunaulizia mali za marehemu kabla hata matanga hayajaanuliwa. Tukikutana, maswali ni yale yale. Ya mwaka gani? Ina namba? Boksi lake lipo? Dhahabu haijachubuka? Eti tunalinganisha! Swali moja tu haliulizwi: jamani, inanyoaje?

Si kwamba historia yake haina utamu. King Camp Gillette alikuwa mchuuzi anayezunguka na bidhaa za kampuni ya vizibo vya chupa, vile vile vya bati tunavyofungua kwenye soda mpaka leo. Bosi wake William Painter, aliyevibuni, ndiye aliyempa wazo: buni kitu ambacho mtu atakitumia, atakitupa, kisha atarudi kununua kingine. Gillette akaona wembe. Bati jembamba, bei ndogo, ukiisha makali unatupa. Mafundi wakamwambia haiwezekani chuma chembamba hivyo kikashika makali. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyelitatua jambo hilo. Mwaka 1903, walipoanza kuuza, waliuza mashine 51 na nyembe 168. Basi! Hataza ikatoka mwaka 1904. Na tofauti na hadithi tunayosimuliwa ya biashara, mashine haikugawiwa bure ili watu wanase kwenye nyembe. Iliuzwa dola 5, pesa nyingi kwa mfanyakazi wa siku zile. Mashine ilikuwa ya kudumu. Cha kutupa kilikuwa wembe. Mwaka 1918 jeshi la Marekani lilichukua mashine kama milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake, na askari wakarudi makwao na tabia ya kujinyoa wenyewe kila asubuhi.

Nyie waandishi wenzangu mtapenda na hili: huyu Gillette alikuwa mwandishi. Mwaka 1894, kabla ya wembe, alichapa kitabu kiitwacho *The Human Drift*. Humo alidai mashindano ya biashara ndiyo chanzo cha maovu, na kwamba watu wote wangemiliki kwa pamoja kampuni moja, wakaishi kwenye jiji moja kubwa karibu na maporomoko ya Niagara. Mtu aliyeota kufuta mashindano, leo kazi ya mikono yake imekuwa uwanja wa mashindano ya nani ana pesa zaidi. Angetucheka, au angelia.

Maana mambo ya kabati ndiyo hayo. Anayetaka kuringa atakuonyesha ile ya kurekebisha iliyopewa jina la utani "Fat Boy", ya kati ya mwaka 1958 na 1961, yenye gurudumu la namba 1 mpaka 9 shingoni. Atakusomea herufi chini ya kichwa, kwa sababu Gillette za Marekani tangu 1950 zina alama: E2, kwa mfano, ni robo ya pili ya mwaka 1959. Aliyemzidi atataja Toggle, ile yenye kijiti cha kusukuma pembeni, iliyotoka kidogo sana ikabaki ndoto ya wakusanyaji. Aliyewazidi wote ataongelea zile za mwanzo kabisa zenye namba ndogo. Nami nakubali, ni elimu. Lakini uadimu wa kitu maana yake nini? Mara nyingi ni kwamba kilitengenezwa kidogo, na mara nyingine kilitengenezwa kidogo kwa sababu hakikufaa au hakikuuzika! Tunakilipia mara hamsini kile ambacho watu wa wakati wake walikipita dukani.

Sasa nije kwenye dhambi yangu.

Babu yangu alikuwa karani Tanga. Alikuwa na Gillette ya aina ya Tech, iliyotengenezwa Uingereza, ya kawaida kabisa. Tech zilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1930 na ziliendelea kwa miongo mingi. Ukimwambia mtu wa kabati unayo Tech anakuangalia kama umemwambia unayo ndala. Shaba iliyopakwa nikeli, vipande vitatu: mpini, bamba la chini, kifuniko. Babu aliinunua ujanani na hakununua nyingine. Alimnyolea nayo dingi yangu asubuhi ya harusi yake. Mimi mwenyewe nilifundishwa nayo uani, kioo kimetundikwa kwenye mti wa mwarobaini. Babu alikuwa akisema, "Usiikandamize. Uzito wake unatosha, wewe iongoze tu."

Babu alipofariki, mashine ikaangukia kwangu, kwa kuwa mjukuu wa Dar "ndiye anayependa vyuma hivi". Nilikuwa nazo nyingine nne. Ndipo mkusanyaji mmoja akaniambia anayo Aristocrat ya miaka ya 1930, imepakwa dhahabu, ukizungusha kitako cha mpini milango miwili ya juu inafunguka kama mbawa. Jina lenyewe maana yake kabaila! Nikapagawa. Sikuwa na pesa. Nikaziuza zangu zote tano kwa mpigo mmoja, na ya babu ikiwemo, nikaongeza akiba ya miezi mitatu. Nilijipa moyo: Tech ziko tele, nitaokota nyingine wakati wowote.

Siku ya arobaini tukarudi Tanga. Asubuhi Bibi akaniita kwa utani wake wa siku zote: "Mume wangu, ile mashine ya babu yako umeiweka wapi? Baba yako anataka kujinyoa nayo leo."

Nilikuwa na kabaila wa dhahabu ndani ya begi. Nikamtoa. Dingi akamgeuzageuza, akafungua milango, akafunga, akanirudishia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hii siijui," akatoka kwenda kwa kinyozi wa barabarani. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Nililia, nikapewa, na ukanikata pasipo na damu.

Sasa watu wa kabati, msiniambie hii ni hadithi ya huruma tu. Ngoja niwafuate kwa hoja, kwenye uwanja wenu wenyewe wa kulinganisha.

Niliporudi Dar niliamua kunyoa na Aristocrat. Yangu ina meno mbele kama kitana, na inakaribia ngozi kuliko ile Tech ya babu. Wakusanyaji wa Ulaya wanaisifu kwa hilo: inachukua ndevu mpaka chini, shavu linabaki kama kioo. Ndugu msomaji, siku ya tatu shingo yangu ilikuwa imejaa vipele. Kwa nini? Kwa sababu ndevu za wengi wetu zimejikunja. Ukizikata chini sana, ncha inajificha ndani ya ngozi, na ikianza kukua inajipinda na kuchoma humo humo. Ndiyo maana vijiti vya plastiki vya nyembe tatu au nne vinawatesa vijana wengi. Wembe wa kwanza unavuta, wa pili unakata chini ya usawa wa ngozi. Wembe mmoja, kwenye mashine pole, unaacha unywele usawa wa ngozi au juu yake kidogo. Tech ni mashine pole. Ile ndala iliyodharauliwa ndiyo iliyokifaa kidevu changu, na babu aliyafahamu hayo bila kusoma popote.

Mmeona kilichotokea? Tumechukua orodha za wenzetu, za ndevu zilizonyooka, tukazipachika kwenye makabati yetu kama msahafu. "Hii kali, hii laini, hii bora." Bora kwa kidevu cha nani? Kulinganisha bila kunyoa ni kurudia maneno ya mtu mwingine. Kulinganisha kwa kweli ni kazi, na inafanyika hivi: chukua mashine mbili, tia kila moja wembe mpya wa aina moja, sabuni iwe ile ile, ndevu ziwe za siku zile zile. Shavu la kulia hii, la kushoto ile, kesho yake badilisha. Andika. Kisha subiri, usiandike hukumu siku hiyo hiyo, maana vipele havina haraka, vinakuja baada ya siku mbili tatu. Ukifanya wiki nne utajua jambo ambalo hakuna herufi wala namba chini ya kichwa itakalokuambia.

Nimesikia majibu yao. La kwanza: "Ukinyoa nayo, dhahabu itachubuka." Kweli, itachubuka. Ya babu nikeli ilikuwa imekwisha pale kidole gumba chake kilipokuwa kikikaa, shaba imetokeza. Ile alama ndiyo niliyoiuza, na hakuna atakayeweza kunipakia tena. La pili: "Bila sisi, historia itapotea." Hapa nawaheshimu kidogo. Kama ni moja kati ya zile 51 za mwaka 1903, iacheni ilale kwenye jumba la makumbusho, sitagomba. Lakini Aristocrat yako na Fat Boy yako si za namna hiyo. Na historia gani unayoihifadhi, wakati hujui hata jina la mzee aliyekuwa nayo kabla yako? Mnaandika mwaka wa kiwanda, hamwandiki mwenye mashine. Kwangu huo ndio upotevu.

Jibu la tatu linatoka upande mwingine, kwa washikaji wa mtaani: "Acha mambo ya kizungu wewe." Mambo ya kizungu gani! Wenzetu ndio walioutupa wembe huu wakakimbilia plastiki, sasa wanaurudia kwa mbwembwe kama wameugundua upya. Kwetu haukuondoka hata siku moja. Umekaa dukani kando ya kiberiti. Ukimwi ulipotupiga, ilibidi tufundishane kila mtu awe na wembe wake, asichangie na mwenzake, na wengi walielewa. Hiyo nayo ni historia ya wembe, nzito kuliko dhahabu ya Aristocrat, na sijaona mkusanyaji aliyeiweka kabatini.

Mtaniuliza, hayo yanahusu nini jarida la waandishi? Yanahusu sana. Nawafahamu vijana wenzangu wanaokusanya maneno adimu. Wanayachimba kwenye kamusi, wanayapanga kwenye daftari, wanayatoa siku ya kusoma shairi ili ukumbi ushangae. Ukiwaambia waandike barua kwa mama yao, kalamu inaganda. Hao ni ndugu zetu wa kabati. Neno la kawaida la bibi yako, lililochubuka kwa kutumika, wameliuza kwa bei ya chuma chakavu.

Nimetafuta ile Tech. Aliyeninunulia alikwisha iuza, na aliyenunua kwake hajulikani. Nimepata nyingine, ya Kiingereza vile vile, shilingi elfu chache tu. Nanyoa nayo kila siku ya pili. Inanyoa vizuri. Si ya babu. Nikienda Tanga naibeba, na dingi huwa anaiazima asubuhi bila kusema kitu, akimaliza anaisuuza, anaifuta na kuirudisha kwenye mkebe wake.

Aristocrat bado ninayo. Siiuzi, niwe naiona nikumbuke. Ila nayo nimeitoa kabatini: nainyolea mashavu tu, shingoni siipeleki, na dhahabu imeanza kuchubuka penye kidole gumba changu.

Basi, watu wa kabati, mwenye hoja na aje. Lakini asije na boksi wala namba za herufi. Aje na kidevu chake, wembe mpya na sabuni, tulinganishe.