Degedege si Ndege, ni Ubongo

Huku Kibaha na Kisarawe degedege bado linaogopwa. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho, wapo wanaosema amepitiwa na ndege wa usiku, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Basi hufukizwa kwanza.

Ubongo hutuma habari kwenye misuli kwa njia ya mishipa ya fahamu, kwa utaratibu. Homa kali, mara nyingi ya malaria, ikiuvuruga, habari hutoka ovyo kwa pamoja. Ndiyo maana mwili mzima hutetemeka. Malaria ikipanda kichwani, sukari ya damu nayo huweza kushuka, na saa chache zatosha kumuua mtoto au kumwachia ulemavu.

Sisi wauguzi hatuwalaumu kina bibi. Waliona watoto wakifa baada ya sindano. Lakini kilichowaua ni ugonjwa uliokwisha kukomaa, si sindano.

Mlazeni mtoto kwa ubavu, msimtie kitu mdomoni, mleteni hospitali mara moja. Salini njiani, Mungu husikia hata mkiwa safarini.