Tathmini za shuleni zihakikiwe

Mhariri,

Alama za tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9. Mwalimu hupakua kazi kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa la Kenya (KNEC), huisimamia, huisahihisha, kisha hupakia alama. Lakini katika mradi wa kusuka, nimeona mkeka uliosukwa na fundi wa sokoni ukipewa alama za juu, na ule wa mtoto aliyejisukia mwenyewe, kingo zimepinda, ukiachwa nyuma. Hiyo ni dhuluma.

KNEC iwaagize walimu wa shule jirani wasahihishe upya sampuli za kazi hizo kabla ya alama kupakiwa. Miradi ifanyiwe darasani, mwalimu akitazama. Nasi wazazi tuache kuwanunulia watoto alama.

Mzazi,
Kilifi