Msemaji wa Timu ya Chuo, Takwimu za Dogo Ziko Wapi?

Kuna kijana mmoja hapa Dar, jina kapuni, ambaye kwenye ukurasa wake wa Instagram kajiandika "Msemaji Mkuu". Timu yenyewe ni ya kikapu, ya chuo kimoja cha mjini. Siku ya mechi anatinga mapema kuliko hata kocha: suti ya bluu, miwani nyeusi, simu iko laivu. Wachezaji wanapasha misuli, yeye anawatambia wapinzani. Klipu zake zinatembea balaa. Ila muulize timu ilifunga pointi ngapi wiki iliyopita, utamwona anaanza kupekua simu.

Shida ni kwamba bili ya kiki hiyo alilipa mtu mwingine.

Dogo mmoja wa timu hiyo hiyo, mwaka wa pili, mtoto wa uswahilini, alipata mchongo. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani aliona kipande cha video chake mtandaoni, akamwandikia barua pepe. Hakutaka mambo mengi: takwimu za msimu mzima na video za mechi mbili kamili, basi. Dogo akakimbilia kwa msemaji wake. Msemaji alikuwa na klipu kibao za uso wake mwenyewe. Za dogo? Tatu, na kwenye moja jina la dogo limekosewa. Takwimu hazipo, mechi kamili hazipo. Dogo akatuma alichonacho, na yule kocha hajajibu mpaka leo.

Hapo ndipo swali linapokuja: msemaji huyu anamsemea nani?

Ugonjwa huu chanzo chake kinajulikana. Vijana wamekua wakiwatazama wasemaji wa Kariakoo wakirushiana madongo kabla ya dabi, wakaamini kazi ni mdomo. Kule mdomo una kazi yake, kwa sababu kuna uwanja wa kujaza na jezi za kuuza. Timu ya chuo haina biashara hiyo. Ina wachezaji wenye miaka mitatu au minne ya kuonekana kabla hawajavaa joho na kurudi nyumbani.

Huko Marekani, ambako kila mtu anatamani kwenda, hii ni kazi ya watu wazima. Wanaoifanya wana chama chao tangu 1957, na mwaka 2022 kilibadilishwa jina kikaitwa College Sports Communicators. Kabla ya mechi wanawapa waandishi maelezo ya timu zote mbili. Mechi ikianza, wako mezani pembeni ya uwanja wanaandika kila kikapu, kila asisti, kila ribaundi. Ikiisha wanatoa takwimu na ripoti, kisha wanawaleta kocha na wachezaji kuhojiwa. Halafu kila kitu kinahifadhiwa.

Ndiyo maana leo mtu yeyote anaweza kujua kwamba Mtanzania Hasheem Thabeet, msimu wa 2008-09 akiwa na Connecticut, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Mwaka huo huo 2009 akachaguliwa namba mbili kuingia NBA. Bloku alizipiga mwenyewe, hakuna ubishi. Lakini kuna mtu alikaa pembeni akazihesabu moja moja, na wala hakuna anayemjua kwa sura.

Watetezi wa msemaji watakuja juu: "Kijana halipwi, bando analinunua mwenyewe!" Hapo wana hoja, na viongozi wa michezo vyuoni wajitazame. Safari ikitokea, posho za viongozi zinapatikana. Ya kijana wa habari haipatikani kamwe. Anaambiwa avumilie, "utapata koneksheni". Konda wa daladala hajawahi kupokea koneksheni kama nauli. Chuo kinachotaka kutangazwa kimlipe anayekitangaza.

Lakini mechi ya kikapu ina dakika 40, na kutolipwa hakumlazimishi mtu azitumie zote kujirekodi yeye. Daftari la kuandikia takwimu halizidi bei ya kifurushi kinachoishia kwenye laivu.

Chuo cha jirani kuna binti mmoja, naye jina kapuni. Posti zake hazipati hata likes 50. Ila kila mechi ikiisha, ndani ya saa moja waandishi wa michezo wana ujumbe wake kwenye WhatsApp: matokeo ya kila robo, nani kafunga ngapi, picha mbili zenye majina sahihi, maneno mawili ya kocha. Timu ikipigwa kwa tofauti ya pointi 30, anatuma vile vile. Mchezaji akiumia, haposti picha yake akilia. Bado halipwi, na hiyo ni aibu ya chuo chake. Lakini siku akiomba kazi kwenye klabu, chama cha mchezo au chombo cha habari, atabeba faili la msimu mzima, na wahariri tayari wana namba yake.

Msemaji Mkuu atabeba nini? Suti?

Kazi hii inajengwa kwa kuwabeba wengine. Anayetaka ustaa mwenyewe aingie uwanjani akafunge, au ahamie kwenye vichekesho, nafasi zipo.

Dogo sasa yuko mwaka wa tatu. Amebakiza msimu mmoja na nusu, na mechi ijayo ni Jumamosi. Msemaji ameshaposti suti atakayovaa.

Mdau, chuoni kwenu hali ikoje? Lawama ni za msemaji au za chuo kisicholipa? Dondosha maoni yako, ila majina yabaki kapuni.