Hata Meru kuna tao, tena lililo hai

Mwandishi, makala tamu, ila uliposema anayetaka picha ya tao la asili afunge safari hadi jangwa la Utah kule Marekani, umeturuka watu wa Arusha. Ni kweli matao ya jiwe la mchanga hatuna, Meru ni volkano. Lakini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ukipandisha kutoka lango la Momela kuelekea kreta ya Meru, kuna mtini uliojipinda juu ya njia kiasi kwamba gari linapita chini yake. Ndege alidondosha mbegu juu ya mti mwingine, mizizi ikashuka hadi ardhini, mti mwenyeji ukakabwa ukafa. Na wewe ndugu hapo juu kwenye maoni unayesema jiwe ni la milele, tao la Wall Arch huko huko Utah lilianguka usiku mmoja Agosti 2008.

Kwa wanaopiga picha kwa simu: msituni kuna giza hata mchana, ila uwazi wa tao unawaka. Ukigusa anga kwenye kioo, mizizi inatoka nyeusi tii. Gusa gome, tena ngoja wingu lifunike jua. Msimamishe mtu chini, la sivyo ukubwa hauonekani. Sisi tulimwomba askari wa hifadhi aliyetusindikiza. Alikubali, ila tukasubiri kwanza afunge vifungo vyote vya koti na kuiweka bunduki vizuri begani. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga, jamani.